Nyumba njema si mlango: Siri ya ubaridi katika nyumba za mawe za Lamu

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Huenda walionena hivyo walikuwa wakisema juu ya tabia za binadamu, lakini ukifika katika mji wa kale wa Lamu utaona kuwa maneno hayo yanazifaa hata nyumba zenyewe. Kwa nje, nyumba ya mawe ya Lamu haina la kujivunia ila mlango wake wa nakshi. Uliobaki ni ukuta mrefu, mnene, usio na madirisha ya maana, uliopakana na ukuta wa jirani. Mgeni akipita huweza kudhani kuwa ni ghala au gereza. Lakini akipiga hodi na kukaribishwa, hatua chache tu baada ya kizingiti huhisi jasho likimkauka mwilini.

Msomaji mpendwa, kama unaishi Mombasa, Kisumu au Garissa, au hata Nairobi inapofika Februari, bila shaka unaijua adha ya joto la nyumbani. Unaijua nyumba ya mabati ambayo ifikapo saa nane za mchana huwa kama tanuri la mikate. Unaijua fleti yenye dirisha moja tu linalotazama ukuta wa jirani, ambamo feni huzunguka kutwa kucha ikisukuma hewa ile ile moto. Mwisho wa mwezi bili ya stima huwasili, nalo joto lingali palepale.

Hebu basi tujiulize: watu waliojenga Lamu zaidi ya miaka 200 iliyopita, bila stima, bila feni na bila kiyoyozi, waliwezaje kuishi katika kisiwa ambacho joto lake mara nyingi hupita nyuzi 30 za Selsiasi? Jibu limo ndani ya nyumba zao. Leo ningependa tuingie pamoja katika mojawapo, chumba baada ya chumba, tuone kila kitu kinafanya kazi gani.

MJI USIO NA MAGARI

Lamu iko kaskazini mwa pwani ya Kenya, nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta. Ukisafiri kwa basi kutoka Mombasa utapitia Malindi hadi gati la Mokowe, kisha utavuka kwa mashua. Ukija kwa ndege utatua katika kisiwa cha Manda, nako pia utavuka maji. Mji wenyewe umekaliwa mfululizo kwa zaidi ya miaka 700, na mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba nyingi za mawe unazoziona leo ni za karne ya 18, wakati biashara ya jahazi ilipokuwa imenoga na matajiri wa mji wakashindana kwa nakshi na ushairi.

Jambo la kwanza litakalokugusa ni vichochoro. Mbali na njia kuu ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui na barabara ya ufuoni, njia nyingi za Lamu ni nyembamba mno. Punda aliyebeba mawe akija mbele yako, huna budi kujibanza ukutani apite. Kwa sababu hiyo magari karibu hayamo mjini.

Usidhani kwamba wajenzi walikosa ardhi. Wembamba huo ni kinga. Njia ikiwa nyembamba na nyumba za pande zote mbili zikiwa na ghorofa mbili au tatu, jua huingia chini kwa muda mfupi tu, utosi wake unapokuwa juu ya vichwa vya watu. Saa nyingine zote ni kivuli. Mahali pengine utakuta chumba kimejengwa juu ya njia, kikiunganisha nyumba mbili za ndugu au jamaa. Daraja hilo la chumba huitwa wikio. Liliwawezesha akina mama kutembeleana bila kushuka njiani, na wapitao chini yake wakapata kivuli bila malipo.

Kwa hivyo hewa iliyo vichochoroni huwa na ubaridi kuliko ile iliyo uwanjani au ufuoni. Kumbuka jambo hilo, kwa maana tutalihitaji tukishafika ndani.

DAKA NA TEKANI

Sasa tumefika mlangoni. Kabla ya mlango kuna kibaraza chenye paa na viti vya mawe pande mbili. Hii ndiyo daka. Hapa ndipo mwenye nyumba alipoketi jioni kuzungumza na wapita njia, na hapa ndipo shughuli nyingi na wageni wasio wa jamaa zilipomalizwa bila kuingiliwa nyumbani. Wageni wa kiume waliotoka mbali walikuwa na chumba chao, sabule, ambacho aghalabu kilikuwa na njia yake mbali.

Ukivuka mlango, huoni chumba wala huoni mtu. Unajikuta katika ukumbi mdogo wa ndani uitwao tekani, na mbele yako ni ukuta. Sharti upinde kona ndipo uone nyumba. Kona hiyo ilikusudiwa kulinda staha: hata mlango ukiwa wazi, jicho la mpita njia halifiki kwa watu wa nyumbani. Lakini hewa haina haya kama jicho. Yenyewe hupinda kona ikapita. Hivyo familia iliweza kuacha mlango wazi ikapata upepo bila kuaibika. Linganisha na fleti zetu za leo, ambamo ukifungua mlango jirani anaona hadi sufuria jikoni, basi unaufunga na kujifungia na joto lako.

KIWANDA: PAFU LA NYUMBA

Baada ya kupinda kona, unatokea penye mwanga. Uko katika kiwanda. Usifikirie kiwanda cha sukari au cha saruji! Katika nyumba za Waamu, kiwanda ni uwanja ulio wazi juu, umezungukwa na kuta ndefu, na vyumba vyote vikuu vimeuelekea. Hapa watoto walicheza, nguo zilianikwa, nazi zilikunwa, mahari zilipangwa na harusi zilichezwa. Kwa mama wa zamani ambaye desturi haikumruhusu kutembea ovyo mchana, kiwanda kilikuwa ndilo anga lake.

Lakini kiwanda kina kazi nyingine ambayo wengi hawaioni. Ni pafu la nyumba. Hupumua mara mbili kwa siku, na yeyote aliyesoma sayansi ya darasa la sita anaweza kuelewa namna inavyofanyika.

Tuanze na usiku. Jua likishatua, sakafu na kuta za kiwanda hutoa joto lao na kulirudisha angani, kwa kuwa hakuna paa la kulizuia. Hewa iliyo juu ya nyumba nayo hupoa. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa moto, kwa hivyo hushuka ikajaa kiwandani kama maji yanavyojaa kisimani, kisha ikasambaa vyumbani. Ifikapo alfajiri, nyumba imejaza ubaridi wa siku nzima.

Asubuhi jua huchomoza, lakini kuta ndefu za kiwanda huzuia miale yake. Hewa baridi iliyolala chini husalia palepale. Majirani waliojenga kwa mabati wameshaanza kujipepea, ilhali wewe bado unakunywa chai kwa raha.

Inapokaribia adhuhuri, jua huingia kiwandani moja kwa moja. Sakafu hupata moto, hewa iliyo juu yake hupata moto pia, ikawa nyepesi na kupaa juu. Haiwezekani mahali pale pabaki patupu. Hewa ya vyumbani huvutwa kuja kujaza pengo, na vyumba navyo huvuta hewa mpya kutoka nje kupitia daka na tekani. Na huko nje ni wapi? Ni kule kichochoroni kwenye kivuli, tulikokuona kuwa kuna ubaridi! Kwa njia hiyo jua lenyewe, adui mkubwa, hugeuzwa mtumishi wa kuvuta upepo, hata siku ambayo hakuna upepo baharini.

VYUMBA VYA KWENDA NDANI ZAIDI

Kutoka kiwandani unaingia katika msana wa tini, chumba kirefu na chembamba kilicho wazi kuelekea uwanjani. Nyuma yake, kwa kupanda kidato, upo msana wa yuu. Nyuma yake tena ni ndani, chumba cha faragha cha mwenye nyumba na mkewe, ambacho ukuta wake mara nyingi hupambwa kwa zidaka, yaani visanduku vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu na kuwekwa vyombo vya kauri. Mwisho kabisa ipo nyumba kati, chumba kilichotumiwa wakati wa uzazi na wakati wa kuosha maiti, na vyoo.

Utauliza kwa nini vyumba viwe vyembamba hivyo. Sababu ni mti. Dari ya nyumba ya Lamu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya kawaida haiwezi kubeba mzigo huo kwa upana unaozidi mita 3 hivi. Fundi hakuweza kupanua chumba, basi alikirefusha, na akaweka kingine nyuma yake. Lakini tazama faida yake. Kila unapoingia chumba cha pili na cha tatu, mwanga hupungua na joto hupungua. Jua haliwezi kabisa kufika ndani.

Tena nyumba nyingi zimepangwa ili vyumba virefu vilale mashariki kwenda magharibi, na viwe wazi kwa upande wa kaskazini au kusini. Upande wa kaskazini ndio wa kibla kwa Lamu, maana Makka iko karibu kaskazini halisi. Na kwa nchi iliyo karibu na ikweta, jua kali la asubuhi na la alasiri hutoka mashariki na magharibi. Kwa hiyo jua hilo hupiga kuta fupi za ncha za nyumba, ambazo nazo hukingwa na nyumba za majirani. Mpango uliofaa kwa ibada ulifaa kwa mwili pia.

UKUTA UNAOCHELEWESHA JOTO

Ukiweka kiganja chako kwenye ukuta wa msana saa tisa za alasiri, utauhisi baridi. Ukuta huo una unene wa nusu mita hivi. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale, ambayo huchimbwa kisiwani Manda, na kushikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari nayo ni nzito: boriti, juu yake mabamba ya mawe, juu yake tena kokoto na chokaa iliyopondwa na kushindiliwa.

Ukuta mnene kama huo ni mvivu wa kupokea habari. Jua hulipiga upande wa nje asubuhi, lakini joto huchukua saa nyingi kupenya hadi ndani. Linapofika, jua limeshatua na watu wamekwisha kuhama chumba. Bati, kwa upande wake, ni mbeya: jua likiligusa juu, papo hapo aliyeketi chini anapata habari.

Chokaa ina sifa moja zaidi. Ni nyeupe, kwa hivyo hurudisha mwanga na joto. Na ina vinyweleo, kwa hivyo unyevu ulioingia ukutani huweza kutoka. Wengi wanaokarabati nyumba za kale kwa saruji huifunga ngozi hiyo. Maji na chumvi hubaki ndani, na baada ya miaka michache plasta hubanduka vipande vipande pamoja na jiwe lenyewe.

BIRIKA, SAMAKI NA BAKULI

Usitoke kabla ya kuona bafu. Humo mna birika la maji lililojengwa kwa chokaa. Maji yaliyotulia huzaa mbu, lakini watu wa Lamu walilijua hilo na dawa yake wakaiweka mle mle: samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika waliweka bakuli la kauri kutoka Uchina. Birika lilipokuwa likisafishwa na maji kumwagwa, bakuli lilibaki na maji kidogo na samaki wakaokolewa humo. Ukitaka kujionea, nenda katika jumba la makumbusho la Nyumba ya Waswahili, ambalo ni nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kupambwa kama ilivyokuwa.

Jiko lenyewe halikuwekwa chini karibu na misana bali juu darini, ili moshi na moto wa meko viende zao angani visirudi kuwasumbua watu. Ni akili ndogo, lakini ni fleti ngapi za leo zenye jiko katikati ya nyumba, pasipo dirisha, na harufu ya vitunguu ikalala nanyi hadi kesho?

KUHAMA BILA KUTOKA NYUMBANI

Wala tusitie chumvi. Nyumba ya mawe si pepo. Ule ukuta uliochelewesha joto mchana kutwa hulitoa usiku, na chumba cha ndani kikawa na fukuto. Katika pwani hewa huwa na unyevu mwingi, na jasho halikauki upesi pasipo upepo. Ndiyo maana jioni watu walipanda juu. Huko, chini ya paa la makuti lililo wazi pande zote, upepo wa bahari huingia na kutoka: kaskazi tangu Desemba hadi Machi, na kusi katika miezi ya katikati ya mwaka. Makuti hayashiki joto, na hewa hupenya baina yake. Hatari yake ni moto, na moto ukishika makuti katika mji uliobanana kiasi hiki huruka kutoka paa hadi paa.

Basi nyumba moja ilikuwa na nyumba nyingi ndani yake. Asubuhi mlikaa kiwandani, mchana mkaingia misanani, jioni mkaketi dakani na usiku mkapanda darini. Raha haikuwa katika chumba kimoja. Ilikuwa katika kuhama kwa wakati.

Si Lamu pekee iliyogundua siri hii. Katika nyumba za kale za Baghdad, familia zilishuka chumba cha chini ya ardhi wakati wa adhuhuri na kulala juu ya paa usiku, na uwanja ukiwa katikati. Huko Yazd nchini Irani, minara maalum hunasa upepo na kuushusha vyumbani. Huko Marrakesh uwanja hupandwa michungwa na kuwekwa chemchemi. Msanifu majengo wa Misri, Hassan Fathy, aliyefariki mwaka 1989, alitumia maisha yake kuwaeleza wasomi wenzake kwamba fundi wa kijijini alijua mambo ambayo vyuo viliyasahau.

Lakini zingatia tofauti. Baghdad, Yazd na Marrakesh ni nchi kavu. Usiku wao hupoa kuliko mchana, na maji ya chemchemi yakigeuka mvuke hupoza hewa. Lamu hewa yake imeshiba maji tayari, kwa hivyo chemchemi haingesaidia kitu. Mwamu akategemea kivuli na mwendo wa hewa. Funzo ni kwamba nyumba haiigwi kama mshono wa nguo. Hutokana na hewa ya mahali pake.

JASHO LA NANI?

Jambo moja halisemwi mara nyingi na wanaowatembeza watalii. Ubaridi huu ulikuwa na gharama, na waliolipa hawakuwa wenye nyumba. Mawe yalichimbwa, mikoko ikakatwa na chokaa ikapondwa kwa jasho la watumwa. Wao walilala ghorofa ya chini, karibu na maghala, ilhali mabwana walikaa juu penye upepo. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Tunapoisifu nyumba, tuwakumbuke waliojenga, na tukijenga leo tuhakikishe kwamba upepo unawafikia wote.

KIWANDA KIKIZIBWA

Sasa tufikie jambo linalowakosesha usingizi wanaoupenda mji huu. Nyumba hizi zinaanza kupoteza mapafu yake. Baba akifariki, ndugu saba hurithi nyumba moja. Kila mmoja anataka chumba chake na mlango wake. Kiwanda huonekana kama nafasi inayopotea bure, basi hugawanywa kwa ukuta, hufunikwa kwa mabati au zege, na kupangishwa. Siku ya kwanza kila mtu anafurahia kodi. Baada ya majuma machache joto linaanza kuuma, kuta zinaota ukungu, na mmoja ananunua feni. Wa pili naye ananunua. Nyumba iliyojipoza yenyewe kwa miaka 200 sasa inalipiwa stima.

Wengine wameziuza nyumba zao. Ukarabati wa kufuata asili ni ghali: unahitaji boriti, chokaa na fundi anayejua. Baadhi ya wanunuzi ni wageni wenye uwezo, na ni kweli wengi wao wamezikarabati kwa uangalifu. Lakini kuna uchungu katika kuona kwamba anayekaa kiwandani na kufurahia ubaridi ni mgeni wa majuma mawili kwa mwaka, ilhali mjukuu wa aliyejenga amehamia kando ya mji katika nyumba ya matofali ya saruji na mabati.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nyumba ya Lamu haijipozi peke yake. Inategemea kivuli cha jirani, ukuta wa jirani na njia ya upepo inayopita juu ya paa la jirani. Mmoja akiongeza ghorofa ya nne, amemkatia mwenzake upepo wa kusi. Mmoja akibomoa ukuta ili apate uwanja wa kupanga bidhaa, amelifungulia jua kichochoro kizima. Ndiyo sababu mji huu unalindwa kwa sheria, na mwenye nyumba hawezi kujenga apendavyo. Wapo wanaonung'unika wakisema kwamba mali ni yao. Mali ni yao, naam. Lakini upepo si wa mtu.

TUNAOISHI KWENYE FLETI TUFANYEJE?

Huenda unasema: haya ni mazuri, lakini mimi napanga vyumba viwili Eastleigh au Bamburi, nitapata wapi kiwanda? Ni kweli. Lakini hekima yenyewe haihitaji jumba.

Ukitafuta nyumba ya kupanga, usitazame vigae na rangi tu. Uliza: je, hewa ina mahali pa kuingia na mahali pengine pa kutokea? Dirisha moja ni mdomo usio na pua. Madirisha mawili ya pande tofauti, au dirisha na tundu la juu ya mlango, hufanya kazi kuliko feni.

Ukijenga, elekeza madirisha makubwa kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uache ukuta au upande mti. Refusha paa litokeze nje ili ukuta upate kivuli. Ukiezeka mabati, weka dari chini yake na uache matundu ya kutolea hewa katikati. Paka paa rangi nyeupe. Usiifunike ploti yote kwa zege. Acha uwanja, hata wa mita 4 kwa 4, na uuache wazi juu. Na ukijenga nyumba ya kupangisha, kumbuka kwamba chumba unachoongeza mahali pa uwanja kitavifanya vingine kumi vikose hewa.

Wewe mwanafunzi, jaribu hili. Azima kipimajoto shuleni. Kwa juma moja, pima joto ndani ya nyumba yenu na nje kivulini, saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Andika kila tarakimu. Ukiona ndani kuna joto kuliko nje hata saa mbili usiku, basi nyumba yenu haipumui, na sasa unajua pa kuanzia kutafuta sababu.

Na ikiwa shule yenu inapanga ziara, Lamu si mahali pekee. Magofu ya Gedi katika kaunti ya Kilifi, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yana nyua zilizochimbwa chini kidogo kuliko vyumba, na utaona mpango ule ule wa vyumba vinavyofuatana kwenda ndani. Watu wa Gedi waliuhama mji wao karne nyingi zilizopita. Paa zimeanguka na mibuyu imeota, lakini uwanja wa kila nyumba ungali unaonekana.

Lamu bado ina watu. Kuna nyumba ambazo hadi leo bibi huketi kiwandani asubuhi akichambua mchele huku wajukuu wakimzunguka, na hewa ikipita bila kuulizwa senti. Ukienda, vaa mavazi ya heshima, piga hodi, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukikaribishwa, keti kimya kidogo katika msana, tazama pazia lililo mlangoni pa kiwanda. Nje huenda hakuna jani linalotikisika. Pazia litakuwa likicheza.